Safari Moja Moja: Jinsi Familia ya Dar es Salaam Inavyoweza Kupunguza Matumizi ya Gari

Kuna swali moja linalonirudia kila mara, na wanaoliuliza wanatoka pande zote za jiji. Kuna wanaoishi Mbezi na kazi zao ziko Posta. Kuna wa Mbagala ambao watoto wao wanasoma Kurasini, na wa Kigamboni wanaomaliza asubuhi yao kwenye foleni ya pantoni. Wote wanauliza jambo moja: mafuta yanatumaliza, foleni inatuchosha, lakini tuna watoto, tuna wazee, tuna mizigo. Tutapunguzaje kutumia gari bila familia kuteseka?

Nimejibu kwa mfano wa Dar es Salaam kwa sababu ndiko maswali mengi yanakotoka. Mengi ya haya yatafaa pia Arusha, Mwanza, Mombasa au Nairobi, ukibadilisha majina ya njia na vyombo.

## Huna haja ya kuuza gari

Nianze kwa kuwatoa hofu. Simwambii mtu auze gari lake. Mama mjamzito anayeshikwa na uchungu saa nane usiku anahitaji gari, na babu asiyeweza kupanda ngazi za basi analihitaji pia. Ninachoomba ni kwamba kila safari iamuliwe peke yake. Ni ya umbali gani? Anakwenda nani? Anabeba nini? Saa ngapi?

Familia inayojiuliza maswali hayo manne kabla ya kuchukua funguo itapunguza safari bila kutangaza vita na gari. Familia inayoamka Jumatatu na kusema "kuanzia leo gari halitoki" hurudi kwenye gari Alhamisi, tena ikiwa imekata tamaa.

## Hatua ya kwanza: andika safari za wiki moja

Usibadilishe kitu chochote kabla ya kujua gari linakwenda wapi.

1. Tundika karatasi pale funguo zinapokaa, na kalamu iwe hapohapo.
2. Kila gari likitoka, aliyelitoa aandike siku, alikokwenda, watu waliokuwemo na mzigo aliobeba.
3. Jumapili jioni kaeni pamoja. Watoto wakubwa wawepo, na dada wa kazi awepo, maana mara nyingi yeye ndiye anayejua kilichokosekana nyumbani hadi gari likatumwa.
4. Zungushia duara safari zote za chini ya kilomita 2.
5. Pigia mstari safari ambazo dereva alikuwa peke yake.
6. Weka nyota kwenye safari ambazo kweli hazikuwa na njia nyingine.

Kwa kawaida safari zenye duara ndizo zinazoshangaza: mkate, vocha, kinyozi, kumfuata mtoto tuisheni, kurudi dukani kwa sababu kitunguu kilisahaulika. Anza na hizo. Safari ya kazini ya kilomita 20 ni ngumu na ina mambo mengi. Safari ya gengeni ni ya dakika kumi kwa miguu, na ukiishinda utapata moyo wa kuikabili ile kubwa.

Onyo: wiki ya kuandika isiwe wiki ya kujionyesha. Endesheni kama mnavyoendesha siku zote, la sivyo karatasi itawadanganya.

## Hatua ya pili: piga hesabu kamili

Wengi hulinganisha nauli na pesa ya mafuta iliyotoka leo, wakaishia hapo. Hesabu ya kweli ina mafuta, maegesho, kuosha gari, matairi, oili na matengenezo yanayoletwa na kilomita.

Chukua mfano. Gari dogo kwenye foleni za Dar linaweza kwenda kilomita 8 kwa lita. Ukienda na kurudi kazini kwa kilomita 40, umetumia lita 5. Tukadirie lita moja kuwa shilingi 3,000: hizo ni shilingi 15,000 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni shilingi 330,000. Hapo bado hujalipa ada ya maegesho wala hujagusa matairi.

Upande wa pili, tenga shilingi 5,000 kwa siku kwa mtu mmoja: bodaboda ya kumtoa mtaani hadi kituoni, basi, na kurudi. Kwa siku 22 ni shilingi 110,000. Tofauti ni shilingi 220,000 kwa mwezi. Weka namba zako mwenyewe mahali pa hizi zangu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo siku hiyo ni nzuri ya kupitia hesabu upya.

Mambo mawili usiyasahau:

- Bima haipungui kwa sababu gari limelala. Usihesabu akiba ambayo haipo.
- Watu wanne wanaokwenda upande mmoja hubadilisha hesabu. Nauli nne na bodaboda nne zinaweza kuzidi mafuta. Gari lililojaa lina haki ya kutoka. Linalostahili kuulizwa maswali ni lile linalombeba mtu mmoja.

## Safari fupi: miguu irudi kazini

Kinachoua kutembea Dar ni jua, mvua na barabara zisizo na njia ya waenda kwa miguu. Kwa hiyo jiandae.

- Safari za miguu zifanyike kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni.
- Mwavuli ukae mlangoni, si kabatini. Mwavuli unaotafutwa ndio unaorudisha watu kwenye gari.
- Tembea upande wa kulia, ukiyatazama magari yanayokuja. Kwetu magari hupita kushoto, na ukitembea kushoto yanakujia kwa nyuma.
- Jioni vaeni nguo nyeupe au za rangi ya kung'aa. Taa za barabarani si za kutegemea mitaani.
- Tafuteni njia ya ndani. Iko mitaa ya vumbi inayofika dukani bila kugusa barabara kuu, na watoto mara nyingi huijua kuliko wazazi.

"Mzigo je?" Kwa ununuzi wa kila siku, kikapu au kitoroli cha magurudumu mawili kinatosha. Kwa ununuzi wa mwezi, yaani mchele, unga, mafuta na sabuni, safari moja iliyopangwa inatosha, na hiyo gari linaistahili. Ukinunua kwa jumla Kariakoo, wewe nenda kwa basi, na mzigo uje kwa guta au kirikuu. Patana bei kabla mzigo haujapakiwa, na mtu wenu mmoja afuatane nao.

Linalosaidia kuliko yote ni orodha ya vitu kwenye mlango wa friji. Anayemaliza chumvi aandike chumvi. Safari nyingi za dharura za dukani hutokana na kutoandika.

## Watoto na shule

Hapa ndipo wazazi wengi hukwama, na hofu yao ina msingi. Tuangalie njia nne.

### 1. Kutembea kwa kundi

Shule ikiwa ndani ya kilomita moja au mbili, tafuta wazazi watatu au wanne wa mtaa huohuo. Watoto waende pamoja, na mtu mzima mmoja awasindikize kwa zamu.

1. Pitieni njia yenu kwanza bila watoto, saa ileile ya asubuhi. Hesabuni mahali pa kuvuka.
2. Chagueni njia yenye vivuko vichache hata kama ni ndefu kidogo.
3. Wekeni kituo na saa. Asiyefika kwa wakati anapelekwa na mzazi wake, kundi lisisubiri.
4. Wafundisheni kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, na kuvuka bila kukimbia.
5. Watoto wa awali na madarasa ya chini washikwe mikono wakati wa kuvuka. Akili zao bado haziwezi kupima kasi ya gari linalokuja.

Barabara ya shule ikiwa mbaya, msinyamaze. Shirika la Amend lilionyesha hapahapa Dar kwamba marekebisho madogo karibu na shule, kama matuta, kivuko, njia ya miguu na alama za kupunguza mwendo, huwaepusha watoto na majeraha. Mpango wake wa SARSAI ulipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross mwaka 2019. Andikeni barua kupitia kamati ya shule na serikali ya mtaa kwenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mkiambatanisha picha za mahali penyewe. Barua yenye picha na saini za wazazi ni ngumu kuiweka pembeni.

### 2. Basi la shule

Usilipe muhula mzima kabla ya kuuliza:

- Gari linabeba watoto wangapi, na viti vingapi? Jibu utakalopewa lithibitishe mwenyewe asubuhi moja.
- Yuko nani ndani mbali na dereva? Pawe na mhudumu mtu mzima anayejulikana kwa jina.
- Mtoto wangu anapandishwa wa ngapi na kushushwa wa ngapi? Mtoto wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka anaweza kukaa njiani saa mbili.
- Mtoto akilala kitini, nani anahakikisha gari ni tupu kabla halijafungwa?
- Namba ya simu ya dereva na ya mhudumu ni zipi, na shule inazo?

Na zungumza na mtoto kila siku: nani alikaa naye, nani alimshika mkono, nani alimwambia asimwambie mama. Maswali haya yawe ya kawaida, yasisubiri mashaka.

### 3. Daladala na mwendokasi

Mtoto mkubwa wa sekondari anaweza kusafiri mwenyewe. Nauli mpya za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zilipoanza kutumika Desemba 2023, ya mwanafunzi ilibaki shilingi 200. Tatizo ni makonda wanaowakwepa wanafunzi asubuhi. Fanya hivi:

- Mtoto awe na sare na kitambulisho cha shule.
- Aende na mwenzake, asisafiri peke yake.
- Apandie kituo cha mwanzo pale inapowezekana.
- Akikataliwa au akitukanwa, aandike namba za gari na saa, kisha mzazi apeleke malalamiko LATRA. Asibishane mlangoni gari likiwa linaondoka.
- Fuatana naye siku kadhaa kabla ya kumwachia.

### 4. Kupokezana magari

Majirani wawili wenye watoto katika shule moja hawana sababu ya kutoa magari mawili kila asubuhi. Gawaneni wiki. Kubalianeni mapema kuhusu saa ya kuondoka, mikanda, na nani ana ruhusa ya kumchukua mtoto getini. Changianeni mafuta tu. Ukianza kutoza nauli, umeingia kwenye biashara ya abiria, na biashara hiyo ina leseni yake na bima yake.

### Vipi kuhusu bodaboda?

Ushauri wangu ni mmoja: bodaboda isiwe usafiri wa shule wa mtoto mdogo. Kofia nyingi za madereva ni kubwa kwa kichwa chake, miguu yake haifiki pa kukanyaga, na asubuhi watoto hupakiwa mshikaki, watatu kwenye kiti kimoja. Kofia ngumu inayokaa vizuri hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takribani asilimia 40, na hatari ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 70. Mtoto asiye na kofia ya kumfaa hana kinga hiyo. Ikibidi, bajaji ya dereva mmoja mnayemfahamu ni afadhali, kwa idadi ya abiria inayoruhusiwa.

## Kwenda kazini

Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria Mei 2016 katika njia ya Kimara hadi Kivukoni, na matawi yake ya Morocco na Gerezani. Faida yake kubwa ni njia yake yenyewe: foleni ya Ubungo au Magomeni inabaki upande wa pili wa ukingo. Kasoro yake kila mtu anaijua, nayo ni msongamano na kusubiri vituoni.

Kwa hiyo panga hivi:

1. Sogeza saa. Mwombe mwajiri uingie mapema na utoke mapema, au uchelewe na utoke baadaye. Nusu saa tu hubadilisha hali ya kituo.
2. Pandia mwanzo wa njia. Kwenye daladala, wakazi wa jiji wana mbinu ya zamani ya kugeuza na gari: unalipa nauli ya kwenda hadi mwisho wa njia, kisha unarudi nalo ukiwa umekaa. Ukilinganisha na mafuta, nauli hiyo ya ziada ni ndogo.
3. Jua njia mbili. Usiwe na njia moja tu ya kurudi nyumbani. Mkazi wa Pugu au Gongo la Mboto aulizie pia ratiba ya treni za mjini. Zilianza Oktoba 2012, na ile ya reli ya kati watu wakaizoea kwa jina la treni ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo.
4. Vaa kwa ajili ya safari. Viatu vya kazini vikae ofisini. Shati la pili likae kwenye begi.
5. Linda mali. Begi mbele, simu isitolewe dirishani wala mlangoni, chenji ya nauli iwe mfuko wake.
6. Anza na siku mbili kwa wiki. Jumanne na Alhamisi, kwa mfano. Ukizizoea, ongeza.

Ikiwa lazima gari litoke, basi lisitoke tupu. Wenzako wa ofisini wanaokaa njia moja nawe wako wangapi? Watu wanne wakipokezana, kila mmoja anaendesha wiki moja kwa mwezi na kupumzika tatu.

Onyo la mvua: wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, bonde la Jangwani hufurika na Barabara ya Morogoro huweza kufungwa hapo. Mabasi husimama. Familia ijue mapema: mvua kubwa ikinyesha, nani anamchukua mtoto, nani analala kwa ndugu, nani anasubiri ofisini. Kukimbilia gari siku hiyo hakusaidii, kwa sababu nalo litasimama palepale.

## Baiskeli: mahali pake

Shinyanga na Tanga hazihitaji kufundishwa baiskeli. Dar ni ngumu zaidi, na sitaki kumdanganya mtu. Usianze na Barabara ya Nyerere saa moja asubuhi. Anza na mitaa ya ndani: sokoni, kanisani, msikitini, kwa shangazi. Taa mbele na nyuma, breki mbili zinazofanya kazi, kofia, na kizibao cha kuakisi mwanga. Kando ya sehemu za njia ya mwendokasi kuna njia ya baiskeli, ingawa mara nyingi imejaa bodaboda na meza za biashara, kwa hiyo nenda polepole. Mtoto mwenye baiskeli aendeshe uwanjani hadi aweze kutazama nyuma bila kuyumba.

## Mwisho wa wiki na safari za mbali

Safari za starehe na za ukweni hula mafuta mengi kwa mkupuo mmoja, na ndizo zenye mbadala mzuri zaidi kwa sasa.

Morogoro na Dodoma. Treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Safari ya Dodoma kwa treni ya haraka ni kama saa tatu na nusu. Kwa gari, kufika Chalinze peke yake kunaweza kukumalizia saa tatu. Nauli za daraja la kawaida zilipoanza zilikuwa shilingi 13,000 kwa Morogoro na 31,000 kwa Dodoma, na watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Mambo ya kukumbuka:

- Kata tiketi mapema, hasa karibu na sikukuu na kufunga shule.
- Beba kitambulisho, na fika stesheni mapema kwa ajili ya ukaguzi.
- Stesheni ya Morogoro iko Kihonda na ya Dodoma iko Mkonze, si katikati ya mji. Panga mapema nani atawapokea, au tenga pesa ya bajaji.
- Mizigo iwe mnayoweza kubeba wenyewe. Gunia la mchele la kurudi nalo litumwe kwa njia nyingine.

Kigamboni. Mkienda ufukweni Jumapili, vukeni kwa miguu. Foleni ya magari pale Magogoni hula nusu ya siku ya watoto, na waenda kwa miguu huvuka kwa pantoni hiyohiyo. Ng'ambo, bajaji itawafikisha Mjimwema.

Harusi, misiba na vikao. Ukoo mzima unapokwenda mahali pamoja, kodini Kosta moja badala ya kutoa magari sita. Mtachanga kidogo, mtasafiri pamoja, na hakuna atakayeendesha usiku akiwa na usingizi.

## Wazee, wagonjwa na dharura

Kupunguza gari kusimgeuze bibi kuwa mfungwa wa nyumba. Kwa hao, gari libaki tayari. Kama gari mmeliuza au liko gereji, hakikisheni mna:

- namba za madereva wawili wa bajaji au teksi wa kijiwe cha karibu, mliowahi kusafiri nao mchana;
- pesa ya dharura ya usafiri, iliyotengwa na isiyoguswa kwa jambo jingine;
- jirani mmoja mwenye gari, mliyekwisha kuzungumza naye kabla ya siku ya shida;
- siku za kliniki zilizoandikwa kwenye kalenda, ili zisigongane na safari nyingine.

## Makosa yanayorudisha familia nyuma

1. Kuanza na mtu asiye na sauti. Baba anaendelea na gari, mama na watoto wanaambiwa wapande daladala. Mpango wa namna hiyo haudumu, wala haustahili kudumu. Mwenye kuushauri awe wa kwanza kuuishi.
2. Kuhamishia kila kitu kwenye bodaboda. Safari nne za bodaboda kwa siku zinaweza kufikia bei ya mafuta, na hatari imeongezeka.
3. Kutoiona akiba. Pesa isipohamishwa huyeyuka. Kila Ijumaa tumeni tofauti kwenye akaunti au kibubu cha jambo mnalolijua wote: ada, bati, kiwanja.
4. Kuliacha gari lisiguswe kwa wiki nyingi. Betri hufa. Liendeshwe walau mara moja kwa wiki, katika safari yenye kazi.
5. Kutotoa muda wa ziada. Mtu aliyezoea kutoka saa kumi na mbili na nusu kwa gari atachelewa akitoka saa hiyohiyo kwa basi.

## Mnayoniuliza baada ya hapo

"Watu watasema tumefilisika." Wengine watasema, wiki mbili au tatu. Kisha watazoea. Ada ya shule ikilipwa kwa wakati, maneno yao hayapunguzi kitu.

"Nina binti, naogopa usumbufu kwenye mabasi." Hofu yako ni ya haki. Asafiri na wenzake, akae karibu na wanawake wengine au nyuma ya dereva, na ajue kwamba ana ruhusa ya kupiga kelele. Safari za usiku asiachiwe peke yake. Hapo gari lina kazi.

"Muda wangu ni mdogo." Pima kabla ya kuamua. Jaribu njia zote mbili, uandike saa ya kutoka mlangoni na saa ya kuingia ofisini. Kwa baadhi ya watu gari litashinda, na hao waliendeshe kwa amani. Wengine watagundua kwamba dakika wanazookoa kwa gari wanazimaliza wakitafuta maegesho Posta.

"Mtaa wetu hauna hata daladala." Basi shabaha yenu iwe ni kuunganisha safari. Kumpeleka mtoto, benki na sokoni viwe mzunguko mmoja badala ya safari tatu.

## Mpango wa mwezi mmoja

- Wiki ya 1: Andikeni safari zote, msibadilishe chochote.
- Wiki ya 2: Ondoeni gari kwenye safari za chini ya kilomita 2. Wekeni orodha ya vitu kwenye friji.
- Wiki ya 3: Panga siku mbili za kwenda kazini bila gari. Zungumzeni na jirani kuhusu shule.
- Wiki ya 4: Pimeni akiba, sikilizeni malalamiko ya kila mmoja, watoto wakiwemo. Acheni kilichoshindikana, endeleeni na kilichofaulu.

Zaidi ya hayo, kila anayeanza kutembea ataona kwa macho yake jinsi njia za waenda kwa miguu zilivyosahaulika katika miji yetu. Msilibebe jambo hilo kimya. Katika mkutano ujao wa serikali ya mtaa, nendeni mkaulize kuhusu kivuko, mtaro uliofunikwa, taa na tuta mbele ya shule. Barabara inayomfaa mtoto wa miaka saba anayetembea inamfaa kila mtu. Na kwa kuanza, chagueni safari moja tu kwenye karatasi yenu, iliyo fupi kuliko zote, na Jumatatu muifanye bila gari.